Jenlain haitaki barafu
Sikubaliani na ushauri wa kuinywa Jenlain Ambrée ikiwa ya baridi kali. Hii ni bia ya kaskazini mwa Ufaransa, ya kiwanda cha Duyck kilichoanzishwa 1922, na huhifadhiwa ikomae kabla ya kuuzwa. Ina kilevi cha asilimia 7.5. Itoe kwenye friji mapema, ifike nyuzi 10 hivi, kisha uimimine taratibu kwenye glasi yenye tumbo pana. Hapo ndipo harufu ya kimea na karameli inapopanda. Utamu hutangulia, uchungu wa hopsi hufuata kwa mbali, na ulimi hubaki mkavu. Baridi kali huua yote hayo. Kwangu ni bia ya kunywa polepole na jibini, na inastahili alama za juu.