Mbegu Bora ni Bora Mahali Gani?

Edamame ni soya ivunwayo ikiwa mbichi, maganda yakiwa yamejaa lakini bado ya kijani, kisha huchemshwa na kuliwa. Jina hilo ni la Kijapani, ila siku hizi zao hili hupandwa pia katika bustani za nyumbani za Marekani na Ulaya. Mwenye bustani huko huambiwa atafute mbegu bora, atie mbolea na kumwagilia maji. Ushauri huo si wa uongo, bali umepungukiwa na swali lililo kubwa kuliko yote: mbegu hiyo ni bora mahali gani?

Mwaka 1920 wanasayansi wawili wa Marekani, Garner na Allard, walitangaza matokeo ya majaribio yao. Soya ya aina ya Biloxi ilipandwa kwa tarehe zilizoachana sana, lakini mimea ya umri mbalimbali ilichanua kwa kukaribiana, siku zilipopungua urefu. Basi si umri pekee ulioamua, bali urefu wa mchana. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba kinachopimwa hasa na mimea ya namna hii ni urefu wa usiku usiokatizwa na mwanga.

Tuchukue bustani iliyoko Minnesota, karibu na latitudo ya nyuzi 45 kaskazini. Mwezi Juni mchana wa huko huzidi saa 15. Soya ya kusini ikipandwa hapo hustawi majani tu, ikingoja usiku urefuke. Inapochanua, jalidi, yaani umande ulioganda, huwahi kuiua kabla maganda hayajajaa. Kinyume chake, soya ya kaskazini ikiletwa karibu na Ikweta, ambako usiku ni wa saa 12 hivi mwaka mzima, huchanua ingali fupi na kuzaa haba. Ndiyo maana aina za soya hugawanywa katika makundi ya ukomavu, kuanzia 000 la kaskazini ya mbali hadi X la nchi za joto.

Wapo watakaosema kwamba udongo ni muhimu zaidi. Ni kweli kuwa soya hudai udongo wenye joto, na bakteria wa kuunda vinundu vya mizizi. Lakini bakteria huweza kuongezwa, na joto huweza kungojewa. Usiku haurefushwi kwa mbolea.

Somo hili lisibaki vitabuni. Darasa liweke vyungu viwili vya soya ya mbegu moja. Kimoja kipate usiku wa kawaida, cha pili kiangaziwe kwa taa saa chache kila usiku. Wanafunzi wahesabu siku hadi maua yatokee. Atakayeona tofauti kwa macho yake hatakubali tena kusifiwa mbegu yoyote kabla ya kuuliza ilichaguliwa kwa ajili ya nchi ipi.