Mchango Usimsubiri Mtoto Aanguke

Katika shule nyingi za msingi za Tanzania siku huanza kwa mchakamchaka. Watoto hukimbia kwa mistari huku wakiimba, na mwalimu wa zamu husimama pembeni akiangalia nani anabaki nyuma. Yule anayechelewa kila siku, anayehema na kushika kifua kabla ya mzunguko wa pili, huitwa mvivu. Lakini huenda mtoto huyo aliumwa koo mwaka uliopita, akasukutua maji ya chumvi, akapona. Wiki chache baadaye magoti yakavimba, kisha vifundo vya miguu, navyo vikapoa vyenyewe. Nyumbani walishukuru Mungu. Hakuna aliyejua kwamba ugonjwa ulikuwa umefika kwenye valvu za moyo.

Madaktari wanaufahamu vizuri mwenendo huo. Bakteria aina ya streptokoki huanzia kooni, na waathirika wakubwa ni watoto wa miaka 5 hadi 15, umri wenyewe wa shule. Wasipotibiwa, kinga ya mwili inayopambana na bakteria hao huweza kuushambulia moyo. Mwanzoni tiba ni penisilini, dawa ya zamani na ya bei ndogo. Moyo ukishaguswa, mtoto hudungwa sindano kila baada ya wiki tatu au nne, kwa miaka mingi. Valvu ikiharibika kabisa hubaki upasuaji, na safari ya kwenda Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, kwa mzazi anayeishi kwa kibarua cha kutwa.

Hapo ndipo wasamaria wema hujitokeza. Picha ya mtoto kitandani huzungushwa kwenye makundi ya WhatsApp, chini yake namba ya simu ya kupokelea fedha. Kila jioni mweka hazina hubandika orodha: huyu 5,000, huyu 20,000, huyu ameahidi mwisho wa mwezi. Ni moyo wa utu, na asitokee mtu wa kuudharau. Watoto wengi wako hai leo kwa sababu ya orodha za namna hiyo. Ila ukweli lazima usemwe: mara nyingi tunachanga ugonjwa ukiwa umeshakomaa, tena kwa fedha ambazo sehemu yake ndogo tu, ikitolewa mapema, ingewaokoa wanafunzi wengi wasifike huko.

Tatizo lina mahali linapoanzia. Sera ya afya ya Tanzania huwasamehe gharama za matibabu watoto wa chini ya miaka 5. Mtoto akivuka umri huo msamaha hukoma, na muda si mrefu anaingia darasa la kwanza. Elimu ya msingi na sekondari ya serikali haina ada, jambo jema sana. Lakini mwanafunzi huyohuyo akifika dirisha la zahanati huulizwa fedha ya kumwona daktari, ya kipimo na ya dawa. Mama muuza maandazi hukaa akapiga hesabu: alipie kipimo, au anunue unga wa kesho? Akinunua unga, asilaumiwe. Ndiyo maana koo la mtoto hutibiwa kwa vidonge vya nusu dozi kutoka duka la dawa, au hupelekwa kwa fundi wa kukata kimeo, ambaye huongeza kidonda juu ya ugonjwa.

Bima ilikusudiwa kuziba pengo hilo. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianzisha Toto Afya Kadi kwa walio chini ya miaka 18, kwa shilingi 50,400 kwa mwaka. Machi 2023 utaratibu ukabadilishwa, watoto wakatakiwa kuandikishwa kupitia shule. Sababu iliyotolewa inafaa kutafakariwa: wengi waliletwa kukatiwa kadi wakiwa tayari wagonjwa. Mfuko wa namna hiyo hauwezi kudumu, kwa kuwa bima huishi kwa michango ya wazima. Ugonjwa wa kuchelewa, basi, hauko kwenye michango ya WhatsApp peke yake.

Kutangulia kuna faida inayoonekana. Huko Busia, magharibi mwa Kenya, wanafunzi wa shule za msingi walipewa dawa za minyoo kuanzia 1998, na wachumi Edward Miguel na Michael Kremer wakafuatilia matokeo. Utoro ulipungua kwa robo. Hata watoto wa shule jirani ambao hawakumeza dawa walinufaika, maana maambukizi yalipungua. Gharama haikufika dola moja kwa mtoto kwa mwaka.

Wapo watakaosema huo ni wajibu wa serikali. Ni kweli, na sheria ya bima ya afya kwa wote imekwishapitishwa, mwaka 2023. Tuidai itekelezwe kikamilifu. Lakini koo linalouma wiki hii halisubiri utekelezaji. Wengine huogopa fedha kuliwa, na hofu hiyo ina msingi. Dawa yake ni kumlipa mtoa huduma moja kwa moja, zahanati au mfuko wa bima, na risiti zisomwe mbele ya wazazi. Majina ya watoto yabaki kwa mwalimu wa afya na mwalimu mkuu. Mtoto asitangazwe umaskini wake mbele ya wenzake ndipo atibiwe.

Tena si kila mahali kunahitajika fedha za matibabu. Muhimbili, shirika la Tumaini la Maisha husaidia watoto wenye saratani watibiwe bila malipo. Kinachomkwamisha mzazi wa mbali ni nauli, chakula, na mtu wa kubaki na watoto wake wengine nyumbani. Mchango wa nauli ni tiba pia.

Kwa hiyo, ninyi mliomaliza darasa la saba pamoja na bado mna kundi lenu, ninyi wa jumuiya, vikoba na misikiti: kabla shule hazijafunguliwa Januari, nendeni mkamwone mwalimu wa afya wa shule mliyosoma. Muulizeni ni nani hubaki nyuma kwenye mchakamchaka, nani huusogelea ubao ndipo asome, nani hukosa shule kila mwezi kwa homa. Wapelekeni watoto hao wakapimwe, mkiambatana na wazazi wao, na bili mlipe ninyi.