Fremu na nauli ya 502

KITI CHA NYUMA
Na Mwana wa Bububu

Jumanne magharibi nilipanda daladala ya 502 pale Darajani, mvua ya masika inanyesha upande upande, na kama desturi yangu nikaenda kukaa nyuma. Mbele yangu akakaa kijana mmoja, mtoto wa jirani, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Mapajani kapakata fremu kubwa ya rangi ya dhahabu, kaifunika kwa mfuko wa plastiki, ile mifuko tuliyoambiwa zamani kwamba imepigwa marufuku na ambayo mvua ikinyesha hujitokeza yenyewe kama kumbikumbi.

Gari zima tulidhani picha ya harusi. Bibi mmoja aliyekuwa anakwenda Mtoni hakuweza kustahamili. "Mwanangu, bibi harusi nani?" Kijana akacheka kwa haya, akafunua. Kumbe cheti. Kimepigwa chapa ya maua pembeni, kina muhuri, kina saini mbili, na katikati kwa herufi za dhahabu: Mfanyakazi Bora. Jina lake lipo chini, lakini limekosewa; herufi moja imeruka na jina la marehemu babu yake limegeuka jina la mtu wa nchi nyengine kabisa.

Tukampongeza. Mzee mmoja akampa mkono, bibi akamwombea dua. Kufika Saateni utingo akaanza kukusanya.

"Yakhe, nauli."

"Ntakupa kesho, wallahi nimepungukiwa."

Utingo akaitazama fremu, akamtazama mwenyewe, akaitazama tena fremu. "Mfanyakazi bora huna nauli? Sasa wale wabovu wanarudi vipi majumbani kwao?"

Gari ikaangua kicheko. Na mimi nilicheka, tena kwa sauti, na ndiyo maana hasira hii haijanitoka hadi leo nnapoandika. Nilimlipia. Akahamia kando yangu, fremu kaigeuza uso chini, akanieleza.

Anafanya kazi katika hoteli moja ya Mji Mkongwe, siitaji. Anapanga vyumba, anabeba mizigo ya wageni ngazi tatu kwenda juu, na mpishi akiumwa anaosha masufuria. Mshahara wa Machi hajaupata. Wa Aprili hajaupata. Mei Mosi wameitwa kwenye sherehe, kuna keki, kuna muziki, meneja kasimama kwenye kipaza sauti akasema, "Sisi hapa si wafanyakazi, sisi ni familia." Halafu akaitwa yeye mbele, akapewa fremu, akapigwa picha. Nilimuuliza keki ilinunuliwa na nani. Akasema kila mmoja alikatwa elfu kumi ya mchango wa sherehe, kwenye mshahara wa Februari, ule wa mwisho kulipwa.

Kwa hiyo fremu kaichangia mwenyewe. Nilimrudisha arudie, nikadhani mvua imeniziba masikio.

Msimamo wangu ni huu, na wanaotaka kuniandikia barua waandike: mwajiri anayemkabidhi mtu cheti na huku anadaiwa mshahara na mtu huyohuyo, kile si cheti, ni hati ya deni iliyotiwa maua. Na hilo neno "familia" lipigwe marufuku makazini kabla ya mifuko ya plastiki. Mimi nina familia. Kwetu chakula kikiwa kidogo, sote tunakiona kidogo, chungu kiko katikati. Shemeji yangu hata akinikopa halipi, lakini angalau hanipigi picha.

Pale Kibweni gari ikasimama, foleni, mtu kateleza na mkokoteni wa mbao. Nikawa namwangalia kijana na fremu yake, nikakumbuka reli. Msinune, wasomaji, nnajua nimeahidi kutoitaja tena mwaka huu. Wamarekani walileta reli hapa mwaka 1905, kutoka mjini hadi kwetu Bububu, na hadi leo ukimuuliza mtembeza wageni jina la Bububu limetoka wapi, atakwambia ni mlio wa treni. Uongo. Bi Salme, binti wa Seyyid Said, alikaa Bububu kabla hajaolewa na Mjerumani, na kitabu chake kilichotoka 1886 kinaitaja Bububu kwa jina hilohilo. Treni ilikuja ikakuta jina limekaa limetulia, ikalichukua. Maji ya chemchemi yaliyokuwa yakibubujika hapo tangu mwanzo yakakosa sifa. Meneja naye kwenye ile picha ya Mei Mosi kashika fremu kwa mikono miwili, kijana kasimama pembeni, nusu bega limekatwa.

"Kwani ulipomuuliza habari ya mshahara, alisemaje?"

"Alisema inshallah."

Hapo ndipo nilipotamani kuteremka nikaenda kwa miguu. Neno lile zito, la watu wanaomjua Mola wao, siku hizi limehamia ofisi ya mhasibu, limepewa meza na kiti. Wa Machi, inshallah. Wa Aprili, inshallah. Lakini makato ya keki hayakusubiri inshallah ya mtu. Na huyo meneja ni mwenzetu, kasoma chuoni kama sisi, ile hadithi ya kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka anaijua tangu anavaa kanzu ya kuburuza. Jasho la kijana huyu limekauka, shati limefuliwa, limekauka nalo.

Wasiniambie biashara mbaya. Mwaka 2024 wageni waliokuja Zanzibar walipita laki saba. Nawaona Forodhani wanavyopigana vikumbo kwenye urojo. Masika ni masika kila mwaka, na mwenye hoteli anayeshangaa kwamba Aprili kumenyesha angefungua duka la miavuli.

Usiku nikalipeleka shauri barazani. Jirani yangu mmoja akatia kashata mdomoni akasema, "Ashukuru. Wangapi hawana hata hiyo kazi?" Hii ndiyo dawa yetu ya kila ugonjwa. Mwaka 2022 Serikali ilipofikisha kima cha chini cha watumishi wake 347,000, baraza hilihili lilikesha likibishana kwamba hazitoshi, na aliyepiga kelele kuliko wote alikuwa yeye, mstaafu wa Serikali. Leo mtoto wa mwenzake anapata sifuri mara mbili, yeye anamwambia ashukuru. Nikamuuliza: wale wachukuzi wa bandarini waliogoma mwaka 1948 mpaka mji mzima ukasimama, marehemu baba yake si alikuwamo? Akasema alikuwamo. Nikamuuliza kama walipewa fremu. Akaomba kahawa nyengine.

Kuna sheria, najua. Sheria ya Ajira ipo tangu 2005, na Kamisheni ya Kazi mlango wake haujafungwa. Hayo nilimwambia kijana tulipokuwa tunakaribia Beit el Ras, kwa sauti ya mtu mzima anayejua mambo. Akanisikiliza kwa adabu, halafu akasema, "Ami, nikenda huko Jumatano, Alkhamisi kitanda kinatandikwa na nani?" Nikanyamaza hadi kituoni. Si kwamba sikuwa na jibu. Jibu nililokuwa nalo lilikuwa la mtu ambaye kesho yake haendi kutandika kitanda cha mtu. (Mhariri wangu asome hapa polepole: na mimi safu mbili za Machi bado nazingojea.)

Ijumaa asubuhi nilikwenda kununua maandazi kwa mama yake. Kabati lake la barazani lilivunjika kioo kimoja tangu Ramadhani, akawa ameliziba kwa boksi la sabuni na nzi wanaingia watakavyo. Sasa lina kioo kipya, kimeenea barabara, pembeni kimepambwa na ukanda wa dhahabu. Nikamuuliza nani fundi. Akasema mwanawe mwenyewe, kakikata usiku kwa taa ya simu.

"Na cheti?"

Akainua safu ya juu ya maandazi. Kilikuwa chini yake, kimelowa, herufi za dhahabu zimeanza kuungana.

"Karatasi yake nzito," aliniambia akinifungia matano. "Inanyonya mafuta vizuri."