Amplifaya ya Mfukoni au ya Mezani?



Mwezi huu tumepokea barua ya kijana mmoja, mwanafunzi. Aeleza kwamba mjomba wake amempa hedifoni nzuri, DT 770 PRO, itengenezwayo na Beyerdynamic wa Ujerumani. Lakini kila akiichomeka katika simu, masomo asikilizayo usiku humfikia kwa sauti hafifu. Rafiki zake wamemshauri anunue amplifaya kubwa ya kuwekwa mezani, na akiba aliyoiweka kwa ajili ya vitabu yatosha kuinunua. Auliza: anunue hiyo, au ile ndogo ya mfukoni? Kwa kuwa jambo hili lawagusa vijana wengi, na mifuko ya wazazi wengi pia, tumeona vyema kulijibu mbele ya wote.

Kwanza yatupasa kujua kazi ya amplifaya. Chombo hiki hupokea umeme mdogo uliobeba sauti, kikaupa nguvu ya kutosha kuiendesha hedifoni. Hakiongezi uzuri ambao haukuwamo katika sauti yenyewe. Sauti iliyorekodiwa vibaya hutoka vibaya vile vile, ila kwa kishindo zaidi. Basi mwenye kutaka amplifaya asianze kuitazama amplifaya, bali aanze kuitazama hedifoni yake, kama vile mwenye kununua punda huanza kwa kuupima mzigo.

Mzigo huo hujulikana kwa tarakimu mbili. Ya kwanza ni ukinzani, nao huhesabiwa kwa omu. Ya pili ni wepesi wa hedifoni kutoa sauti, yaani desibeli ngapi hutoka ikipewa nguvu ya milivati 1. Hedifoni ya kijana wetu huuzwa kwa namna tatu: ya omu 32, ya omu 80 na ya omu 250, na wepesi wake ni desibeli 96. Ili kufikia sauti hiyo, ile ya omu 32 yahitaji volti 0.18 hivi, na ile ya omu 250 yahitaji volti 0.5. Yake ni ya omu 250. Kumbe si kwamba hedifoni ni mbovu, wala simu haikuharibika; mmoja amebebeshwa mzigo usiokuwa wake.

Sasa tuulize: ni nguvu kiasi gani imtoshayo? Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani pamoja na Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano waliweka kipimo cha kusikiliza kwa usalama: kwa mtu mzima, desibeli 80 kwa muda wa saa 40 katika juma moja, na kwa watoto, desibeli 75 kwa muda huo huo. Tuseme kijana asikiliza kwa wastani wa desibeli 80, na pale sauti inapopanda ghafla hufika desibeli 100. Kwa hedifoni yake, kilele hicho chataka volti 0.8 tu. Nazo zipo amplifaya ndogo kama kidole, zichomekwazo katika tundu la chaja la simu, zitoazo volti 1 au zaidi. Zipo pia zitoazo volti 0.5 tu, kwa hiyo asome maelezo kabla ya kulipa.

Wala hatusemi kwamba amplifaya ya mezani haina kazi. Haina betri ya kuchakaa, wala haiimalizi betri ya simu. Kitasa chake ni kikubwa, na mkono hukigeuza kwa wepesi. Tena zipo hedifoni nzito kweli kweli. HE-6 ya HiFiMAN, kwa mfano, wepesi wake ni desibeli 83.5 tu, hata yahitaji nguvu karibu mara 18 ya hiyo ya kijana wetu ili kutoa sauti sawa. Mwenye mzigo wa namna hiyo, na mwenye kukaa mahali pamoja kila siku, huyo haki yake ni ya mezani.

Lakini hiyo nayo ina masharti. Umeme ukikatika, hunyamaza. Hutaichukua darasani wala safarini. Ukiichomekea vile vidogo vya kutia ndani ya sikio, aghalabu utasikia mvumo hata pasipo mtu kusema. Kadhalika ukinzani wa amplifaya yenyewe usizidi sehemu moja ya nane ya ule wa hedifoni. Yaani hedifoni ya omu 32 yataka amplifaya isiyozidi omu 4. Baadhi ya zile za taa za kizamani huzidi sana hapo.

Na liko jambo kubwa kuliko fedha. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda wa salama hupungua nusu: desibeli 83 ni saa 20 kwa juma, 86 ni saa 10, na 95 ni dakika 75 tu. Chembe za ndani ya sikio la mwanadamu zipokeazo sauti, zikifa hazioti tena. Sikio ni amana, na halina duka. Kwa hiyo mwenye amplifaya yenye nguvu aanze na kitasa kikiwa chini kabisa, ndipo aivae hedifoni. Na ikiwa ina swichi ya nguvu ndogo na kubwa, aiweke kwenye ndogo. Nanyi wazazi, mkimwita mtoto kutoka hatua moja naye hasikii, msimgombeze kwa ukaidi kabla ya kuitazama sauti yake.

Basi mwanangu, jibu letu ni hili: nunua ile ndogo ya kuchomeka kwenye simu, itoayo volti 1 au zaidi, na fedha itakayobaki irudishe kwenye vitabu. Siku utakapopata hedifoni nzito na meza yako mwenyewe, hapo tuandikie tena. Na mjomba wako mpe salamu zetu. Zawadi yake ni njema, haikuwa na kasoro ila kukosa mwenzake wa kuisukuma.