Mwambieni mama ukweli wote kuhusu matone ya rota

Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya, Dodoma

Mheshimiwa Waziri,

Tangu Januari 2013 watoto wa Tanzania wanapewa chanjo ya rota kwa matone ya mdomoni. Ilizinduliwa Dar es Salaam mwezi uliotangulia, sambamba na chanjo ya nimonia, wakati nchi yetu ilipokuwa mwenyeji wa mkutano wa Gavi, ubia wa kimataifa wa chanjo. Ni kazi ambayo Wizara inastahili kuionea fahari, nami huitetea kila nizungumzapo na wazazi. Ninachokuandikia leo ni namna tunavyomweleza mama juu ya chanjo hiyo.

Kliniki anaambiwa, "Hii ni ya kuzuia kuhara." Basi. Foleni ni ndefu, muuguzi ana watoto wengi wa kupima na kuchanja, simlaumu. Lakini miezi michache baadaye mtoto yuleyule anatapika, anaharisha maji matupu, mwili unachemka. Kadi ya kliniki imejazwa ipasavyo. Mama aielewe vipi kauli ile? Ama chanjo ilikuwa bure, ama mtoto anaumwa kitu kingine. Hapo ndipo jirani humshauri amtazame fizi, na "meno ya plastiki" yakatajwa, ile imani kwamba vichipukizi vya meno kwenye fizi ndivyo vinavyomharisha mtoto. Madaktari wako wanawajua watoto waliofikishwa wodini wakiwa wameng'olewa vichipukizi vya meno kwa kisu au spoku ya baiskeli, ilhali kilichokuwa kinawamaliza ni kuishiwa maji mwilini.

Ukweli ni kwamba chanjo hii inapambana na kirusi kimoja, rota, na kuhara kunaletwa na vimelea wengi. Hata dhidi ya kirusi hicho kimoja, kazi yake kuu ni kuzuia ugonjwa usifikie hatua ya kumlaza mtoto kwenye dripu au kumuua. Watafiti nchini Mexico waliwafuatilia watoto 200 tangu kuzaliwa hadi miaka miwili, na mwaka 1996 wakachapisha walichokiona: karibu wote waliambukizwa rota, lakini waliokwisha kuambukizwa mara mbili hawakuugua tena kwa ukali. Chanjo hufuata njia hiyohiyo. Kirusi kilichodhoofishwa hupita mdomoni, huzaliana kidogo ndani ya utumbo, na mwili hujifunza kutengeneza kingamwili palepale mlangoni pa ugonjwa.

Ugumu uko hapohapo. Kirusi hicho lazima kikue kidogo ndipo kimfundishe mtoto. Kingamwili alizorithi kwa mama yake zinaweza kukizima mapema, matone ya polio anayopewa siku hiyohiyo yanaweza kupunguza mwitikio wa dozi ya kwanza, na utapiamlo au maambukizi mengine ya utumbo nayo yanahisiwa kuchangia. (Mama asiache kunyonyesha kwa ajili hiyo. Imejaribiwa Afrika Kusini, India na Pakistan kumzuia mtoto ziwa kwa muda kabla na baada ya matone, na haikuleta faida.) Ndiyo maana chanjo hii ina nguvu zaidi Ulaya na Marekani kuliko kwetu.

Majirani zetu wa Malawi wameshatupatia hesabu. Katika majaribio yaliyohusisha karibu watoto 5,000 wa Malawi na Afrika Kusini, matokeo yakatolewa mwaka 2010, chanjo ilizuia kuhara kukali kwa rota katika mwaka wa kwanza wa maisha kwa asilimia 77 Afrika Kusini, na asilimia 49 tu Malawi. Mtu akiishia hapo atasema Malawi imepunjwa. Lakini kwa kila watoto 100 waliochanjwa, Malawi iliepuka takriban visa 7 vikali kwa mwaka, na Afrika Kusini 4, kwa sababu Malawi ugonjwa wenyewe ulikuwa umeenea zaidi. Penye mzigo mkubwa, hata kinga ya nusu hupunguza mengi. Hoja hiyo mama wa Kahama au wa Mkuranga anaielewa vizuri akielezwa kwa lugha yake, na akiielewa hatashangaa mtoto aliyechanjwa akiharisha.

Kwa hiyo naomba mambo machache. Kwanza, kauli ya kliniki ibadilishwe, iwe hivi: "Matone haya yanapunguza sana hatari ya kuhara kukali, mtoto akiharisha bado, mpe ORS na umlete." Pili, siku ya matone mama aondoke na pakiti za ORS na vidonge vya zinki mkononi, akiwa ameoneshwa kuchanganya na kuambiwa dalili za kukimbilia zahanati: macho yaliyozama, utosi uliobonyea, kulia bila machozi, mtoto kulegea na kushindwa kunyonya. Leo mara nyingi anavitafuta usiku, duka la dawa limefungwa.

Kisha kuna watoto wanaochelewa. Shirika la Afya Duniani linataka dozi ya kwanza itolewe mapema baada ya wiki 6, na tangu mwaka 2013 liliondoa ukomo wa umri uliokuwa ukiwanyima waliochelewa, mradi mtoto hajavuka miezi 24. Kila zahanati iwe na mwongozo wa maandishi unaosema wazi afanyiwe nini mtoto wa namna hiyo, ili asirudishwe nyumbani kwa uamuzi wa mtu mmoja siku hiyo.

Mheshimiwa, mama aliyeambiwa ukweli nusu huacha kuamini chanjo nzima, na za surua na polio zikiwemo. Toa agizo juu ya mambo haya kabla ya bajeti ijayo, na ORS na zinki ziingizwe kwenye mahitaji ya kila kliniki ya mama na mtoto.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mwandishi wa makala za afya, Dar es Salaam