Princip Alikuwa na Miaka 19, Wazee Walikuwa na Ratiba

Uliza yeyote aliyefanya Historia Fomu Foo nani alianzisha Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Atakujibu chapchap: Gavrilo Princip, Sarajevo, Juni 28, 1914. Jibu linapata maksi, tunasonga.

Lakini wasee, hebu tutulie kidogo. Princip alikuwa kijana wa miaka 19. Simtetei, alimuua Franz Ferdinand na mkewe Sophie. Ila kijana mmoja na bastola yake anawezaje kuzamisha bara zima? Hawezi, kama kuni hazijapangwa. Na waliozipanga ni wazee wenye masharubu na medali.

Mwaka wa 1871 Ujerumani iliichapa Ufaransa ikanyakua Alsace na sehemu ya Lorraine. Wafaransa hawakusahau. Mwaka wa 1879 Ujerumani ikafunga mkataba na Austria-Hungaria. Ufaransa nayo ikajishikilia kwa Urusi, mkataba ukakamilika 1894. Huo ndio mwaka Princip alizaliwa. Yaani jamaa alikuwa mtoto mchanga na tayari wakubwa wameshaahidiana nani atampigania nani.

Halafu pesa zikaingia. Ufaransa iliikopesha Urusi mabilioni ya faranga, na sehemu ya mikopo hiyo ikajenga reli za kufikisha wanajeshi mpakani haraka. Wajerumani wakaona hizo reli wakaanza kuhesabu miaka. Baadhi ya majenerali wao wakaona heri vita vije mapema, kabla Urusi haijakuwa na nguvu kuwashinda. Huko baharini, Uingereza na Ujerumani zilikuwa zinashindana kuunda manowari. Na 1908 Austria ikaimeza Bosnia, nyumbani kwa kina Princip. Hasira yake haikutoka hewani.

Kinachonishangaza zaidi ni treni. Kufikia 1914 majenerali wa Ujerumani walikuwa na mpango mmoja tu: ukipigana na Urusi, lazima kwanza uivamie Ufaransa, tena kwa kupitia Ubelgiji, nchi ambayo haikuwa na ugomvi na mtu. Agosti 1 Kaiser Wilhelm II alipata fununu kwamba Uingereza ingekaa kando iwapo Ufaransa haitaguswa. Akamwambia Moltke, mkuu wa majeshi, basi twende mashariki pekee. Moltke akakataa. Ratiba ilikuwa imechukua mwaka mzima kuandaa, haigeuzwi kwa usiku mmoja. Fununu yenyewe ilikuwa ya uongo, lakini fikiria: mfalme anataka kupunguza vita, anaambiwa treni haziruhusu! Siku tatu baadaye wanajeshi wake wako Ubelgiji, na Uingereza imeingia.

Agosti hiyohiyo Wajerumani wakaivamia Taveta yetu wakitokea Tanganyika. Waingereza nao wakaanza kukusanya vijana wa huku wawe wapagazi, wengi kwa lazima, katika kikosi cha Carrier Corps. Ukishuka matatu Kariokor, jina hilo limetoka hapo. Walikufa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa, wakibeba mizigo ya vita. Sidhani kuna aliyewahi kuwaeleza Alsace iko wapi.