Maoni: Divai ya Australia isiwe sharti la mahari

Jumamosi iliyopita nilikaa upande wa bwana harusi katika kikao cha mahari hapa Baraka. Kwenye karatasi ya ukweni, baada ya pesa, mbuzi na vitenge, kulikuwa na mstari huu: divai nyekundu ya ng'ambo, chupa sita. Kijana alileta Shiraz kutoka Australia. Si ya bei ya chini, wala si ya mabwana wakubwa. Hata hivyo chupa moja ilimgharimu karibu bidoni ya lita 20 ya mawese. Zidisha mara sita.

Divai yenyewe, niseme haki, ni nzuri. Ina rangi ya zambarau, inanukia matunda yaliyoiva sana na pilipili manga, na inaacha ukakasi kwenye ulimi. Pamoja na nyama ya mbuzi yenye mafuta, ukakasi huo unalainika na kinywa kinafurahi. Pamoja na mgebuka haikupatana kabisa.

Ila tuliinywaje? Chupa ziliandikwa alkoholi asilimia 14.5, karibu mara tatu ya bia tuliyoizoea, na vijana wakaimimina katika glasi za bia hadi juu. Baba mkubwa mmoja aliyemaliza glasi mbili aliniinamia akasema, "Mwanangu, hii ni ndugu ya lutuku, imevaa koti tu."

Halafu joto. Chupa ya kwanza ilikuwa imekaa ndani ya ndoo ya maji, ndiyo niliyoisifu hapo juu. Ya nne ilikaa saa tatu chini ya turubai saa za mchana. Ilinuka kama matunda yaliyochemshwa, na pombe ikapanda puani. Ilikuwa divai ileile ya kiwanda kilekile. Divai nyekundu inapendeza ikinywewa kwenye nyuzi 16 hadi 18, na kuihifadhi kunataka giza na ubaridi. Kwetu chupa hizi zinasimamishwa mlangoni pa duka, jua likizipiga, ili mpita njia aone karatasi yake. Mnunuzi analipia jina, divai yenyewe imeshaiva mara ya pili. Wenye maduka, zilazeni chini nyuma ya duka. Haigharimu kitu.

Kinachonikera zaidi ni hilo neno "ya ng'ambo". Australia yenyewe haikuwa na mizabibu ya divai. Waingereza waliileta mwaka 1788, miche wakiichukua Rio de Janeiro na Rasi ya Tumaini Jema. Ng'ambo yetu sisi ni Kigoma. Kutoka Kigoma reli inakwenda hadi Dodoma, ambako wamisionari walipanda zabibu na leo wakulima wanavuna mara mbili kwa mwaka. Familia nyingi za Fizi zimeishi miaka Nyarugusu, na watu walianza kurudi kwa meli tangu 2005. Wanaijua Tanzania kama wanavyoijua Mboko. Divai ya Dodoma nimewahi kuinywa: ni nyepesi, nyingine ina utamu kupita ninavyopenda, lakini karamu haikuharibika.

Tena kuna pombe ya mawese na kasiksi, ambazo wazee wetu walizitumia kufunga undugu kabla ya chupa yoyote kufika. Sisemi zote ni safi, nimekunywa kasiksi iliyonilaza siku mbili.

Wazazi wa binti wana haki ya kuheshimiwa, na mahari ni mahali pake. Basi karatasi iandikwe "kinywaji", na mkwe achague kwa mfuko wake. Anayetaka Shiraz ainunue, aipoze, aigawe kidogo kidogo pamoja na nyama.

Kijana wetu bado ana deni la chupa mbili dukani. Harusi ni mwezi ujao, na karatasi ya pili imeshafika: safari hii wameomba nane.